Namna ya Kuvunjika Moyo kwa Kijerumani

Una miezi sita kabla ya mtihani. Kitabu cha kozi kiko mezani, na kila ukikifungua unakutana na familia ile ile inayonunua mkate, inayouliza treni ya Köln inaondoka saa ngapi, na isiyogombana hata siku moja. Maneno unayaandika, unayakariri, na kukicha yamehama. Basi fanya hivi: jioni tatu kila wiki kifunge kitabu hicho, mtafute Mjerumani aliyeachwa na mpenzi wake akaamua kuliimbia taifa zima, kisha kaa naye mpaka umwelewe neno kwa neno. Ndiyo, nakushauri uvunjike moyo kwa Kijerumani, na nitakuonyesha namna.

Njia yenyewe si ngeni kwetu. Kuna kizazi kizima Dar es Salaam na Mombasa kilichookota Kilingala kwenye rumba la Franco na Mbilia Bel. Neno "bolingo" halikufundishwa darasani, lakini ni Mswahili gani asiyelijua? Bibi zetu wa Unguja wanaweza kuumaliza wimbo wa filamu ya Kihindi mwanzo hadi mwisho, na pale penye kilio wanajua kabisa kwamba hapa ndipo pa kulia. Neno lililoingia sikioni likiwa na uchungu ndani yake ni gumu kutoka. Kosa letu ni moja tu: tuliishia kwenye kuimba. Hatukuliuliza neno lina ngeli gani, linaandamana na nani, linageukaje likikutana na wengine. Mwongozo huu unaanzia hapo.

Kwanza, chagua wa kulia naye, na chagua kwa makini kama unavyochagua mchumba. Usianze na rapu ya Berlin, maneno yatakupita kama daladala iliyojaa. Anza na Schlager, zile nyimbo laini za mapenzi ambazo Wajerumani wengi huzionea haya hadharani na kuziimba zote harusini. Sauti ni safi, kiitikio kinarudi mara nne, na maneno ni yale yale: moyo, usiku, machozi, kurudi, kungoja. Tena angalia ni nani waliozipaisha. Connie Francis aliyeshika namba moja Ujerumani Magharibi mwaka 1960 alikuwa Mmarekani. Siw Malmkvist, aliyewaambia Wajerumani mwaka 1964 kwamba huzuni ya mapenzi haina faida, ni Msweden. Nana Mouskouri ni Mgiriki. Howard Carpendale alizaliwa Durban, Afrika Kusini. Mgeni anayeimba lugha ya watu huitamka silabi nzima nzima, hamezi miisho, na miisho ndiyo unayoitafuta wewe. Wimbo ule wa Malmkvist peke yake utakuachia der Liebeskummer, huzuni ya mapenzi, na sich lohnen, kuwa na faida, kitenzi utakachokitumia mpaka siku ya kustaafu.

Ukishakomaa, nenda kwa Herbert Grönemeyer. Usimwendee mapema, maana Wajerumani wenyewe humtania kwa jinsi anavyoyatafuna maneno. Lakini mkewe alipofariki mwaka 1998 alikaa, akatunga, na mwaka 2002 akatoa albamu ya Mensch. Ndani yake mna wimbo uitwao Der Weg, njia, aliomtungia marehemu. Siku utakayousikiliza huo bila kamusi na koo likakukaba, Kijerumani umekiingia.

Pili, daftari. Wimbo mmoja kwa wiki, si kumi. Siku ya kwanza sikiliza tu, ukiandika maneno yoyote uliyoyanasa, hata kama ni matatu. Siku ya pili sikiliza huku mashairi yakiwa mbele yako. Siku ya tatu yaandike yote kwa mkono, na hapa unahitaji kalamu tatu: ya bluu kwa der, nyekundu kwa die, kijani kwa das. Kila nomino iandike na kitangulizi chake kwa rangi yake. Der Kuss, busu, bluu. Die Liebe, mapenzi, nyekundu. Das Herz, moyo, kijani. Usiulize kwa nini busu ni dume na moyo hauna jinsia. Mtu aliyekua akisema "jiwe limeanguka, mti umeanguka, kiti kimeanguka" bila kusita hana sababu ya kuogopa makundi matatu. Kwa hili mtoto wa Kiswahili ana mazoezi ya kutosha: Mwingereza anakwenda Berlin na neno lake moja, "the", na wewe unakwenda na ngeli.

Nyimbo zitakupa hata lile linalowashangaza wageni wote, kwamba msichana, das Mädchen, hahesabiwi mwanamke. Tazama mkia wa neno: -chen. Huo ni udogo na mapenzi kwa pamoja, na kila neno lenye mkia huo ni das: das Herzchen, das Schätzchen. Sisi tunasema "kitoto kinalia", tukamwondoa mtoto kwenye watu tukamtia kwenye vitu kwa kumdekeza. Wao wamefanya hivyo hivyo.

Mikia mingine nayo ishike, kwa sababu hapa ndipo wimbo wa kuachana unapoanza kulipa. Utakutana na die Hoffnung, tumaini, die Enttäuschung, kuvunjwa moyo, na die Trennung, kutengana. Zote zinaishia -ung, zote ni die. Utakutana na die Einsamkeit, upweke, na die Zärtlichkeit, mahaba ya mikono laini. Zinaishia -keit, ni die. Utakutana na die Leidenschaft, mapenzi yanayounguza, ambayo imetokana na leiden, kuumia. Inaishia -schaft, ni die. Sasa vua wimbo, vaa koti jeupe la hospitali: die Untersuchung ni uchunguzi wa mgonjwa, die Behandlung ni matibabu, die Entlassung ni ruhusa ya kwenda nyumbani. Die Übelkeit ni kichefuchefu. Die Schwangerschaft ni ujauzito, na iko kwenye safu moja na Leidenschaft kama inavyotakiwa. Kanuni uliyoililia kwenye mapenzi inakusubiri wodini, na hukuikariri.

Hili la wodi nalisema kwa kusudi. Vijana wengi wanaojifunza Kijerumani siku hizi Nairobi, Dar es Salaam na Moshi wanajifunza ili wakauguze watu. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini Berlin makubaliano ya uhamiaji na ajira, na uuguzi ni moja ya kazi zinazokimbiliwa. Muuguzi kwa kawaida hudaiwa kiwango cha lugha cha B2. Sasa tazama msamiati wa aliyeachwa: moyo unamwenda mbio, das Herzklopfen. Hapati usingizi, schlaflos. Pumzi inamkatika, der Atem. Machozi, die Träne. Maumivu, der Schmerz. Jeraha, die Wunde. Kovu, die Narbe. Kuvuja damu, bluten. Kupona, heilen. Msomee daktari orodha hiyo bila kumwambia imetoka wapi, atamlaza mtu. Herz na Schmerz zina vina, na watunzi wa Kijerumani wamevitumia vina hivyo mpaka vimekwisha makali. Kwako wewe bado ni vipya, na kesho yake mgonjwa akishika kifua akasema Schmerzen, hutatafuta kamusi.

Kuna neno moja ninalolipenda kuliko yote: die Sehnsucht. Kamusi zitakwambia shauku, hamu, kiu ya kitu kilicho mbali. Lipasue. Sucht leo ni uraibu, lakini zamani ilikuwa ugonjwa, na maana hiyo bado imekaa ndani ya die Gelbsucht, ugonjwa wa manjano, na die Schwindsucht, jina la zamani la kifua kikuu. Wivu nao ni die Eifersucht. Kwa hiyo Wajerumani waliiweka hamu na wivu kwenye safu moja na manjano na kifua kikuu, nami sioni walipokosea. Ongeza das Heimweh, maumivu ya kukosa nyumbani, ambalo Freddy Quinn aliliimba mwaka 1956 likatikisa nchi, na ndugu yake das Fernweh, maumivu ya kutamani mbali. Weh ni uchungu. Mgonjwa akiumia anasema es tut weh. Umelisikia wapi? Kwenye wimbo.

Tatu, jifunze kusubiri. Mswahili akikukataa unajua kwenye silabi ya kwanza: si-kupendi. Ukanushi umesimama mlangoni, huna haja ya kuingia. Mjerumani anakukaribisha mpaka ndani. Ich, mimi. Liebe, napenda. Dich, wewe. Umeshaanza kutabasamu. Nicht. Ukanushi ulikuwa umekaa uani muda wote. Ndiyo maana nakuambia usikatize wimbo katikati, na usikatize sentensi katikati, hasa ofisini. Kitenzi nacho kinaweza kujigawa: kupiga simu ni anrufen, lakini mpenzi anaahidi ich rufe dich morgen nach der Arbeit an, nitakupigia kesho baada ya kazi, na ile an ndogo inafika mwisho kama mtu aliyechelewa mazishi. Bila hiyo an hakuna simu. Wimbo unakufundisha hili kwa mwili, kwa sababu kipande kile cha mwisho ndicho chenye noti ndefu, na sikio lako linakisubiri.

Kisha kuna du fehlst mir, ambayo imewaliza wanafunzi wengi kwa kukosewa. Sisi tunasema "nimekukumbuka", mimi ndiye mtendaji. Wao wanasema wewe umepungua kwangu. Du ndiye mtenda, mir ni mimi niliyepungukiwa. Ukiigeuza ukasema ich fehle dir, umemwambia mwenzako kwamba yeye ndiye anayekukumbuka, na hapo unaonekana mwenye majivuno. Iandike juu ya ukurasa kwa herufi kubwa. Wodini utaisikia pia: was fehlt Ihnen? ndivyo daktari anavyouliza, umepungukiwa na nini, yaani unaumwa nini.

Na pima uzito wa mapenzi. "Nakupenda" yetu inatosha kwa mama, kwa mchumba, na hata kwa klabu ya mpira. Kijerumani kina ngazi. Ich mag dich, unanipendeza. Ich hab dich lieb, ya mama, dada, rafiki na mtoto, na ya mpenzi pia pale penye upole. Ich liebe dich imepanda juu, haitamkwi kwa mtu uliyekutana naye juzi. Ukiiruka ngazi kwa kuwa wimbo uliiruka, utamtisha mtu wa watu.

Ninapofika hapa kwenye daftari langu huwa namkumbuka Sayyida Salme. Binti huyu wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alipendana na mfanyabiashara kijana wa Hamburg, Heinrich Ruete. Mwaka 1866 akaondoka Unguja kwa siri, 1867 wakaoana Aden, kisha wakaenda Hamburg kwenye baridi. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo, katika lugha ambayo alikuwa ameifuata kwa ajili ya mtu mmoja tu. Miaka 16 baadaye, mwaka 1886, kitabu cha kumbukumbu zake kikachapishwa Berlin, kwa Kijerumani. Utawala wa Wajerumani uliokuja nyuma yake ulituachia maneno "shule" na "hela", yote mawili ya serikali. Salme alikwenda kuyachukua maneno yao mwenyewe, akaanzia kwenye mapenzi, akaishia kuwaeleza kwao ni wapi.

Nne, chukua masharti. Mpenzi wa nyimbo anaishi katika "lau": lau ningekuwa, lau ningeweza, lau ungerudi. Kijerumani kina vitenzi maalumu vya lau: wäre, hätte, könnte, würde. Vitabu huvichelewesha mpaka karibu na B1, lakini wimbo wa kale wa Kijerumani uliomo kwenye mkusanyo wa mwandishi Herder wa mwaka 1778, ule wa mtu anayetamani kuwa ndege mdogo aruke hadi kwa mpenziwe, unaanza navyo, na watoto wanauimba. Mambo hayo hayo yalishawakuta wao kwetu. Boney M., kundi lililoundwa Ujerumani na Frank Farian, lilirekodi "Malaika" mwaka 1981, na wimbo huo umesimama juu ya -nge-. Wako Wajerumani wanaoweza kutamka -nge- ya kijana asiye na mali ya kuoa kabla hawajajua kusema "hujambo". Walifanya vizuri. Nawe fanya kwao, kwa sababu lau ya mapenzi ndiyo adabu ya ofisini: ich hätte gern einen Termin, ningependa kupata miadi, könnten Sie mir helfen, mngeweza kunisaidia? Anayeijua hätte ya kilio anaijua hätte ya dirishani.

Sasa zoezi ninalolisisitiza kuliko mengine yote. Nyimbo za mapenzi zinasema du, wewe wa karibu. Ukizijaza kichwani ukaenda nazo kwa afisa wa uhamiaji au kwa mzee wa miaka tisini, umeingia kwa mtu bila hodi, kama kijana wa Tanga anayempita babu bila shikamoo. Kwa hiyo kila wimbo ukishaujua kwa du, uimbe tena wote kwa Sie. Du hast inakuwa Sie haben. Dein inakuwa Ihr. Bleib bei mir, baki nami, inakuwa bleiben Sie bei mir. Verlass mich nicht inakuwa bitte verlassen Sie mich nicht, tafadhali msiniache, mheshimiwa. Mtacheka wawili darasani, mcheke. Lakini mkimaliza mtakuwa mmeunda kwa mkono wenu sentensi zile zile za wodini: bleiben Sie liegen, endeleeni kulala, atmen Sie tief ein, vuteni pumzi kwa nguvu, warten Sie bitte, subirini. Sijaona zoezi la kitabu linalogeuza vitenzi vingi hivyo kwa nusu saa.

Kuhusu matamshi, una mtaji usioujua. Ile ch ya Nacht, doch na Sehnsucht ni kh ya "kheri" na "Khadija" kama inavyotamkwa na mtu wa Lamu aliyesoma chuoni. Itoe kooni, bila haya. Ya ich ni laini, iko mbele kinywani, kama unapuliza kati ya ulimi na kaakaa, usiifanye "ish". Ö na ü zivute pale mwimbaji anapozivuta. Schon ni tayari, schön ni -zuri. Küssen ni kubusu, Kissen ni mto wa kulalia, na mgonjwa anayeomba mto asije akashangaa. Kundi la Rammstein lilijipatia umaarufu mwaka 1997 kwa kucheza na hast, una, na hasst, unachukia, ambazo sikio haliwezi kuzitenganisha. Ni herufi moja ya s tu, na inaonekana kwenye karatasi peke yake. Ndiyo sababu ya daftari.

Tahadhari zipo. Mwimbaji anakata miisho ili apate mapigo: hab' badala ya habe, wär' badala ya wäre. Imba hivyo, lakini kwenye mtihani andika neno zima. Anageuza mpangilio ili apate kina, usimfuate. Na ukivutwa na nyimbo kuu za karne ya 19, nami nakuombea uvutwe, jua unaingia kwenye kabati la bibi. Robert Schumann alitunga Dichterliebe mwaka 1840, mwaka aliomwoa Clara Wieck, kwa mashairi ya Heinrich Heine, na uzuri wake hauna mfano. Lakini masika ya huko ni der Lenz, na leo watu husema der Frühling. Uso ni das Antlitz, na leo ni das Gesicht. Ni kama mtima wa washairi wetu. Mshairi anaweza kuumwa mtima, ila daktari wa Muhimbili atakuuliza moyo. Maneno hayo yaandike kwa penseli, yajue, yafurahie, usiyapeleke kwa mfamasia.

Wako watakaokuambia haya ni mambo ya kuchezea muda, kwamba orodha ya maneno ya A1 ya Goethe-Institut ni kama 650 na afadhali uikariri. Ikariri pia. Mwenye mume au mke Ujerumani anayedaiwa A1 ili wakaishi pamoja, kama sheria ya huko inavyotaka kwa kawaida tangu 2007, hana muda wa kupoteza. Lakini fikiria huyo mtu amekaa usiku na orodha yake, na anayemkariria yuko Stuttgart. Warten auf, kungoja, yenye auf yake. Bleiben, kubaki. Kommen, kuja. Der Bahnhof, stesheni. Der Brief, barua. Orodha yote ile ni wimbo wake, ila imepangwa kwa alfabeti. Mpeni wimbo.

Mdogo wangu wa kike anafanya kazi katika nyumba ya wazee, mji mmoja wa kaskazini mwa Ujerumani. Kuna bibi mmoja pale ambaye majina ya wanawe yameshamtoka. Asubuhi huamka na hasira, akakataa kuvishwa. Siku moja, akimfunga vifungo vya sweta, mdogo wangu alianza kuvuma kiitikio cha Schlager ya zamani aliyojifunzia daftarini Tanga. Bibi akanyamaza. Kisha akaupokea ubeti wa pili, maneno yote, na miisho yake yote, der, die na das mahali pake. Mdogo wangu akaingia naye kwenye kiitikio, mkono wa sweta ukapita. "Na wewe unaujua?" bibi akamuuliza, kwa du, kana kwamba ni dada yake. Tangu siku hiyo vifungo hufungwa kwa wimbo, na wenzake Wajerumani waliozaliwa miaka ya tisini wanamwomba awafundishe maneno.

Walimu wa Kijerumani mlioko Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Bujumbura, toeni dakika 20 za kila wiki, wekeni wimbo mmoja. Nawe msomaji, kalamu tatu ni bei ya chai na andazi. Usiku wa leo fungua ukurasa mpya, andika das Herz kwa kijani, halafu washa redio.